Kadi Moja kwa Tantine Kabange

Juzi binti yangu aliniomba unga kidogo wa kutengenezea gundi ya kazi ya shule. Nikamkorogea kwenye kopo, unga wa mahindi na maji ya moto, kama nilivyofundishwa zamani, na kabla gundi haijapoa harufu yake ikanifikia: harufu ya bukari, ugali wa kwetu, ambayo haijaiva, yenye uchachu kwa mbali. Mimi ni mtu mzima, nina mume na watoto wawili, lakini harufu ya gundi ya unga bado inaniambia kwamba kuna jambo nimeliharibu na kwamba karibuni watu watajua. Nyumbani kwangu nikilisema hili wananicheka. Nyinyi niwaeleze polepole, labda hamtanicheka.

Tulikaa mtaa wa Bel-Air. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, na mama alifundisha shule ya msingi. Tulikaa pia na Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake baba, aliyeletwa kutoka mji mdogo wa Kambove miguu ilipoanza kumsumbua. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilipewa jina lake, Ngoie. Kwa hiyo hakuniita mjukuu. Aliniita "majina", kama watu wenye jina moja wanavyoitana kwetu.

Aliyebaki Kambove ni Tantine Kabange, dada mkubwa wa baba. Alikuja kututembelea mara tatu au nne kwa mwaka, mwanamke mrefu, msemaji, mwenye utani unaouma. Na alikuwa na mambo yake. Chai yake iliwekwa katika vikombe viwili. Kambo alimpakulia mabonge mawili ya bukari na vipande viwili vya samaki, wakati mimi na kaka yangu tulikuwa tukigawana kipande kimoja na kuangaliana vibaya. Mama akimnunulia kitenge, alinunua viwili vya rangi ileile. Hatukuuliza. Tuliamua wenyewe kwamba Tantine anapenda kula na kwamba anadekezwa, na kaka yangu alimbandika jina la Madame Deux, yaani Bibi Mbili, ambalo tulilitumia akiwa ameshaondoka.

Jumapili moja, tukiwa mezani, mama alitaja kwamba juma lililopita tulisherehekea siku ya kuzaliwa ya mdogo wake. Tantine akatafuna, akameza, akasema kwa sauti ya mchezo:

"Kwa hii nyumba, bantu ba upande ya mama njo banazaliwaka. Siye ba upande ya baba, tuliokotwaka tu."

Baba alicheka. Mama naye alicheka, lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye na niliona mkono wake umesimama juu ya sahani. Kesho yake alirudi kutoka shuleni na kaye mpya, daftari lenye jalada la bluu, akaniita, akaniambia kwamba kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, kuanzia siku hiyo mimi ndiye sekretere wa siku za kuzaliwa za ukoo mzima.

Mama hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Kila mwezi ulipewa kurasa zake. Kila mtu alipewa mstari wake: jina, siku, mahali anapoishi, na nani atampelekea kadi, maana barua za posta zilikuwa hadithi za baba tu. Kadi ikishaondoka, nilichora alama kwa kalamu nyekundu mwisho wa mstari. Na kulikuwa na sheria moja ambayo mama aliirudia hadi nikaiota. "Kadi ifike mbele ya siku," alisema. "Ikifika nyuma, inasema kwamba kuna mutu alitukumbusha."

Kukusanya tarehe kulinichukua wiki mbili, na niligundua kwamba nusu ya wazee wetu walizaliwa tarehe moja Januari. Baba alinieleza kwamba karani asiyejua aandike nini huandika hivyo. Kambo hakuwa hata na hiyo. Nilipomuuliza alizaliwa lini, alifikiri kwa makini, akasema ni wakati wa mavuno ya karanga, lakini mwaka gani hajui, maana siku hiyo alikuwa mdogo sana. Tukamchagulia siku ya kwanza ya likizo, na akaikubali kama mtu anayekubali kiti kwenye nyumba ya wageni.

Kadi tulizitengeneza wenyewe. Baba alileta kutoka ofisini farde kuukuu, yale majalada ya karatasi ngumu ya kuwekea mafaili, ambazo upande mmoja ulikuwa bado safi. Zilikuwepo za njano, za waridi, na moja tu ya kijani. Nilizikata, nikazikunja, nikabandika juu yake maua niliyokata kwenye kalenda ya mwaka uliopita, kwa gundi ya unga. Ndani niliandika heri ya kuzaliwa kwa Kifaransa, Joyeux anniversaire, kwa herufi za kuvuta, kisha sentensi moja ya kwangu mwenyewe kwa Kiswahili. Farde ya kijani niliificha. Nilishajua ni ya nani.

Maana niliielewa hofu ya mama bila kuambiwa. Kaye yote ile, na zile kurasa na ile kalamu nyekundu, zilikuwa kwa ajili ya mtu mmoja. Siku ya Tantine Kabange iliangukia Jumamosi ya mwezi wa sita, wakati wa baridi, na mama alikuwa amezama kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka, mafungu ya makaratasi mpaka juu ya kitanda. Aliniambia bila kuinua kichwa, "Ya Tantine, unajua vile banaifanyaka."

"Ndiyo, mama," nikasema. Nilidhani anazungumzia mwandiko.

Niliitengeneza kwa siku mbili. Ua lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya kalenda, jekundu, na sentensi yangu ilisema: Tantine, siku hii ni yako, ukae nayo vizuri. Niliona ni sentensi ya mtu mzima. Jumatano asubuhi nikaipeleka kwa jirani yetu Mama Zaina, mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu wa ukoo uliotoka Maniema, ambaye kila Jumatano alikwenda kuuza Likasi na Kambove na kurudi Jumanne. Yeye ndiye aliyekuwa posta yetu. Alikuwa tayari amefunga mizigo ya vitenge, lakini aliifungua kwa ajili yangu.

"Leta, mwanangu. Minaiweka katikati ya bilamba, haitakunjamana."

Nikarudi nyumbani nikachora alama nyekundu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha safi namna ile.

Alasiri ya siku hiyohiyo Kambo alikuwa ameketi nyuma ya jikoni, akiota jua na kumenya karanga. Nikamletea kaye ili nijisifu. Kambo hakujua kusoma, lakini alipenda kusomewa, na aliniambia nimsomee watu wa mwezi ule. Nikasoma. Nilipofika kwa Kabange nikatua kidogo ili nisifiwe. Yeye akangoja, kana kwamba bado nilikuwa katikati ya sentensi.

"Na Kyungu?" akauliza.

"Kyungu gani, Kambo?"

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Shuleni tulikuwa na mvulana aliyeitwa Kabange kwa sababu babu yake aliitwa hivyo, na mimi nilidhani ni jina kama majina mengine, si jina la pacha anayefuata. Kambo akanieleza bila kunikemea, na maneno yake ninayo hadi leo.

"Balikuwaka babili. Mapasa. Kyungu njo alitanguliaka kutoka, Kabange akamufwata. Kyungu alikufaka mbele ajue kutembea. Lakini upasa hauishake. Kintu ya mapasa banapana mbili, sawasawa. Ukipana moja, ule mwingine anauliza: na yangu?"

"Anamuuliza nani?"

"Anaulizia ku mwili ya mwenzake," Kambo akasema. "Mwenzake njo anagonjwaka. Sasa weye uliweka ngapi?"

Vikombe viwili. Mabonge mawili. Vitenge viwili vya rangi ileile. Vyote vilinijia kwa pamoja, na jina la Madame Deux nalo likaja, nikaona aibu hadi masikio yakawaka. Wakati huo kadi yangu moja ilikuwa imelala katikati ya vitenge, barabarani, inamwendea Tantine.

"Mbili, Kambo," nikasema. "Ya Kyungu nilisahau tu kuiandika kwenye kaye."

Akaniangalia kidogo. Kisha akarudia karanga zake.

Hapo ndipo hofu ilipoanza, na ilinishika kwa siku nne bila kupumzika. Kwanza, kadi ya pili. Ilibidi ifanane na ile, na farde ya kijani ilikuwa imekwisha. Nikachukua ya njano nikaipaka rangi ya kijani kwa penseli hadi vidole vikaniuma, ikatoka kijani kama ya mboga iliyopikwa sana. Ua jekundu la kalenda lilikuwa limekwisha pia. Nikabandika la zambarau, nikalikwaruza, nikabandika jingine. Kopo la gundi nililificha chini ya kitanda ili mtu asiniulize natengeneza nini. Kufikia Ijumaa lilikuwa limechacha, na mama alizunguka vyumba vyote akinusa na kuuliza ni panya gani huyu amekufa. Nilimsaidia kumtafuta panya.

Halafu, namna ya kuipeleka. Mama Zaina alikuwa ameshakwenda. Kumwambia baba kungemaanisha kumwambia kwamba nimemdanganya mama yake. Kumwambia mama kungemaanisha kwamba kaye yake yote, iliyoanzishwa ili Tantine asiseme tena, imemtukana Tantine palepale alipo na kidonda. Na juu ya yote hayo lilikuwepo lile neno, mwili ya mwenzake. Nililala nalo, niliamka nalo. Sikujua mtoto mchanga aliyekufa anauliza kwa sauti gani. Nilijua tu kwamba atauliza Jumamosi.

Jumamosi baada ya chai baba akampigia dada yake simu. Sauti ya yule mwanamke wa kwenye mtandao ikatujibu kwa Kifaransa kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena kabla ya chakula, akapiga baada ya chakula. Kila mara Kambo aliuliza, "Anasema nini?" na kila mara baba alijibu kwamba simu haipiti. Mama alisema labda kadi haijafika, na Tantine ameizima kwa hasira. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijua kwamba si hasira. Niliomba Mungu aniache nirudi Jumatano. Nilimwambia sihitaji zaidi, Jumatano moja tu.

Jumapili asubuhi simu bado haikupita. Baba akavaa koti, akasema mwenzake wa kazini anakwenda Likasi na gari, ataomba nafasi, kisha aendelee hadi Kambove aone mwenyewe.

"Enda na majina," Kambo akasema.

Baba akashangaa. Akauliza mtoto ataenda kufanya nini huko, na baridi hii. Kambo alinifungia mayai mawili ya kuchemsha kwenye kitambaa, kwa ajili ya Tantine, akanikabidhi, akasema bila kuniangalia, "Na kile chako usikisahau." Nikatazama sweta langu, nilikuwa nimeshalivaa. Kadi ilikuwa ndani ya sweta, tumboni.

Ya njiani siyakumbuki vizuri. Nakumbuka vumbi jekundu kwenye majani ya kando ya barabara, na waendesha baiskeli wakisukuma magunia ya mawe ya wachimbaji, na baba akijaribu simu yake kila tulipofika kwenye kilima. Nilihesabu: kama Tantine amekufa, atakuwa amekufa jana. Kama ni mgonjwa tu, labda kadi ikifika leo anaweza kuachiliwa. Nilikuwa nikifanya biashara na Kyungu kimoyomoyo tangu Likasi hadi Kambove, nikimwahidi vitu ambavyo sikuwa navyo.

Tantine alikuwa uani, anafagia.

Alisimama akatuangalia, fagio mkononi, akauliza ni nani amekufa. Baba akamwambia ni yeye. Ikatokea kwamba umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi, Kambove nzima, na hapakuwa na simu hata moja mtaani yenye moto. Baba alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Mimi nililia, na nilipoanza sikuweza kuacha. Tantine akamtuma baba akawasalimie majirani, mimi akanishika mkono akanipeleka jikoni.

Pale jikoni palikuwa na rafu, na juu ya rafu vikombe viwili na sahani mbili. Nilitafuta kadi yangu kwa macho na sikuiona. Nikajua ameichoma, au ameitupa. Nikatoa ile ya pili kutoka ndani ya sweta, imekunjamana kwa joto langu, ua limeng'oka upande mmoja, nikasema yote kwa mkupuo: kwamba sikujua, kwamba nilimdanganya Kambo, kwamba mama hana kosa, kwamba hii ni ya Kyungu naomba aipokee.

Tantine aliisoma kwa utulivu. Akaenda kwenye rafu, akaisimamisha karibu na kikombe kimojawapo.

"Kyungu, iko yako," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwambia mtu aliye chumba cha pili kwamba chakula kiko tayari. "Ilichelewa njiani tu."

Kisha akarudi kwangu. "Sasa haukudanganya tena. Ziko mbili."

"Ya kwanza ilifika, Tantine?"

"Ilifika. Mama Zaina aliileta."

"Iko wapi?"

"Iko," akasema. Akainama akaanza kumenya mayai ya Kambo. Akiendelea kumenya akaniuliza, bila utani hata kidogo kwenye sauti: "Ile ya kwanza, wakati ulikuwa unaandika, ulikuwa unawaza nani?"

Nilidhani ananihukumu. "Weye, Tantine. Sikujua Kyungu."

"Miye tu?"

"Weye tu. Unisamehe."

Alikaa na yai mkononi, maganda yakiwa magotini mwake, akiangalia mlango. Nilirudi Bel-Air jioni ile nikiwa na hakika kwamba nimesamehewa na Kyungu, lakini kwa Tantine sikuwa na hakika. Kambo aliniuliza, "Alizipokea?" nikasema ndiyo, akaitikia kwa kichwa akaendelea na mambo yake.

Ilinichukua miaka kuelewa mambo mawili. La kwanza ni la Kambo. Alikuwa ameshajua tangu pale kwenye karanga. Hakujua kusoma, lakini kuhesabu hadi mbili alijua kuliko sisi wote, na aliniacha nibebe uongo wangu hadi nilipopata gari la kuupeleka mahali pake. Alifariki kabla sijamshukuru.

La pili nililielewa mwaka jana. Tantine sasa ni mzee, macho yamepungua, na aliniomba nimpangie karatasi zake kwa sababu alihitaji kitambulisho kipya. Anaziweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro: karatasi ya ubatizo, kadi ya uchaguzi, picha ya marehemu mume wake. Kati ya ubatizo na picha nikakuta farde ya kijani iliyokunjwa, ua jekundu limefifia likawa la kahawia, bado imenyooka. Haikukunjamana. Mama Zaina alikuwa mkweli.

Nikaitoa ili niiweke pamoja na za Kyungu, maana nyumba ile kila kitu kina mwenzake, na kadi zote za miaka iliyofuata ziko kwenye rafu. Tantine alisikia mlio wa karatasi.

"Acha ile," akasema. "Ile iko ya miye."

Nikakaa pale kitandani na mfuko magotini. Nguo zake za utotoni zilikuwa mbili. Wali wa arusi yake ulipakuliwa mara mbili. Alimpenda Kyungu na hakuwahi kumnyima, lakini katika maisha yake yote, hadi alipofikisha umri wa bibi, hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia yeye akimuwaza yeye tu, isipokuwa mtoto mmoja wa miaka kumi aliyekosea. Nami nilikuwa nimemlilia nikimwomba msamaha kwa hilo.

Kaye ya bluu ninayo mimi sasa. Nikifika kwenye jina la Tantine, ambapo kwa miaka mingi nimekuwa nikichora alama mbili, bado nahesabu bahasha mara tatu kabla hazijatoka mkononi mwangu. Hofu ile haijaniacha, na sidhani itaniacha. Lakini tangu mwaka jana nimebadilisha kitu kimoja. Kadi ya Kyungu naituma itangulie kwa siku moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kutoka. Ya Tantine naiacha ifike kesho yake, siku yenyewe, peke yake.